Historia ya Kinyozi Taratibu na Namba Yake ya Kila Asubuhi

Ndugu waombolezaji, majirani, wateja na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, historia ya mtu huanza siku aliyozaliwa, na ya mpendwa wetu tutafika huko, lakini mjane na watoto wameona ianzie Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2008, saa nne na robo asubuhi, kwa sababu hapo ndipo kilipoanza kile kilichotukusanya leo. Saa hiyo alikuwa akimnyoa mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, mtu wa miaka arobaini na sita, mnene kiasi, mcheshi, aliyekuwa akisimulia habari za mwanafunzi aliyetoa jibu sahihi la swali ambalo halikuulizwa, na kinyozi alizima mashine ili apate kucheka vizuri, kisha akaiwasha tena, akakiinamisha kichwa cha mwalimu kwa vidole viwili kama ilivyokuwa desturi yake, na kichwa kikainama, kisiinuke. Upande wa kulia ulikuwa umeshanyolewa, wa kushoto bado. Aliendelea kumwambia "taratibu, Mwalimu, taratibu", akidhani mwenzake amesinzia, mpaka alipotupa jicho kwenye kioo cha ukutani akaona mdomo wa mwalimu umekwenda upande.

Mwalimu alifariki mchana ule ule, na jioni ndugu zake walirudi dukani na ombi moja, kwamba fundi aende akamalizie upande uliobaki, maana hawakuwa tayari kumzika mtu wao akiwa amenyolewa nusu, naye akaenda, akanyoa, akafuta shingo kwa taulo safi, akarudi nyumbani. Daktari alisema ni kiharusi, kimeletwa na shinikizo la damu ambalo mwalimu hakujua kuwa analo. Tangu siku hiyo kinyozi wetu akawa anaogopa vichwa, akamweleza mkewe kwamba kila anapoweka kiganja kwenye utosi wa mteja hujiuliza ni nini kinachongoja chini ya mfupa ule, na kwamba wembe aliojifunza kuuogopa miaka yote ile haukuwa kitu, kitu kilikuwa ndani.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 17 Julai 1964, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa baba mwashi na mama muuza mboga, akaanza shule ya msingi Januari 1972, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili tu, kwani mwishoni mwa mwaka 1980 baba yake alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika nyonga, na ikabidi watoto wakubwa watafute la kufanya. Kaka yake mkubwa alishika mwiko wa baba, yeye akapelekwa kwa mjomba, aliyekuwa kinyozi, na kwa mjomba mwanafunzi hakugusa kidevu cha mtu kabla hajanyoa puto, yaani puto la kuchezea watoto, limejazwa upepo, limepakwa povu la sabuni, unalinyoa kwa wembe mpaka povu liishe na lisipasuke. Alipasua maputo kuliko wanafunzi wote waliomtangulia, si kwa uzembe, kwa woga, maana mkono wa mwoga hukaza, na kila lilipopasuka mjomba alipiga kelele "taratibu" kutoka chumba cha pili, hata wateja wakalichukua neno wakamwita nalo, na jina likamganda mpaka leo.

Alifungua duka lake tarehe 3 Machi 1990, chumba kimoja nyuma ya soko, viti viwili, benchi la watu watano ambalo siku za Jumamosi lilikalisha wanane, na chumba kidogo cha ndani cha kuanikia taulo, mlango ukitazama lango ambalo makuli huingizia magunia, na hivyo makuli ndio wakawa wateja wake wa kwanza na wa kudumu. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi cherehani wa chumba cha jirani, ambaye alikuwa akimshonea mashuka ya kufunika wateja na kuyarudia kila mwezi kwa kisingizio kwamba pindo limefumuka, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza aliyezaliwa 1994 ni dereva wa lori, wa pili aliyezaliwa 1997 ni fundi umeme, na kitinda mimba wao, binti aliyezaliwa 2001, yuko chuo kikuu akisomea takwimu. Binti huyu alirithi macho ya mama yake na woga wa baba yake, na wawili hao walielewana bila kusema, kwani ndani ya nyumba ile ni wao tu waliokuwa wakirudi mlangoni mara ya pili kuhakikisha kitasa kimefungwa.

Januari 2015 zahanati ya mtaa ilianzisha mpango wa kuwafundisha vinyozi na wasusi kupima shinikizo la damu, kwa hoja kwamba mwanamume haendi hospitali mpaka abebwe, ila kwa kinyozi huenda mwenyewe kwa miguu yake, na muuguzi aliyeusimamia alipopita dukani, marehemu alikuwa wa kwanza kujiandikisha na wa mwisho kuigusa mashine. Alijifunza kufunga mkanda kwenye mkono mtupu, kuhakikisha nyayo za mteja ziko chini na mgongo umeegemea, na kumwacha atulie dakika tano bila kuongea, jambo ambalo kwa kinyozi lilikuwa gumu kuliko mafunzo mengine yote, kisha kutuma namba kwa simu ya kazi mpaka zahanati, ambako muuguzi aliziona papo hapo na kumpigia yeyote ambaye namba zake zilitisha. Siku hiyo ya kwanza muuguzi alimpima yeye mwenyewe mbele ya wenzake, akapata mia na ishirini na mbili kwa sabini na nane, akawaambia wote kwamba hii ndiyo presha ya mtu wa kupigiwa mfano, naye akarudi nyumbani amevimba kichwa kama bwana harusi.

Wateja hawakuitaka mashine. Wapo waliosema inahesabu siku zako zilizobaki, wapo waliosema ugonjwa usioujua haukuui, na nyampara wa makuli, anayeitwa Winchi kwa sababu ya mabega yake, alimwambia mbele ya benchi zima, "Taratibu, mimi nimekuja kunyolewa ndevu, sikuja kutafutiwa ugonjwa." Ndipo fundi alipobuni desturi yake, akawa kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza anakaa yeye kwenye kiti, anajifunga mkanda, watu wa benchini wanatazama, mashine inavuma, naye anatangaza kwa sauti ya mpiga mnada namba ya siku hiyo, ambayo miaka ile haikuwa mbali na ile ya muuguzi, "Mia na ishirini na mbili kwa sabini na nane, haiumi, haina meno, nani anafuata?" Ilichukua miezi, lakini mmoja alijaribu, na wa pili akaona haya kuachwa na wa kwanza, mpaka mwaka 2017 Winchi mwenyewe akakaa, akatoka na mia na themanini na nne kwa mia na kumi, akacheka peke yake, akaona hakuna aliyecheka naye. Alianzishiwa dawa, na makuli wake wakamfuata, na wengi kati yenu mliokaa hapa mnameza vidonge kila asubuhi kwa sababu mtu mmoja mwoga aliwafunga mkanda mkononi, akawaambia maneno ambayo tumeyasikia mpaka tukayakariri, kwamba namba imeshuka kwa sababu ya dawa, ukiiondoa dawa umeondoa nguzo, paa likianguka usishangae.

Septemba 2022 kitinda mimba alirudi likizo, akawa anamsaidia baba yake dukani kutuma namba kwa simu, na asubuhi ya kwanza alisikia mia na ishirini na mbili kwa sabini na nane, akafurahi, asubuhi ya pili akasikia hiyo hiyo, akafikiri ni bahati, asubuhi ya tatu akasikia hiyo hiyo tena, na hofu ikampanda kutoka miguuni, kwa kuwa alijua kutokana na masomo yake kwamba presha ya mtu aliye hai haigandi, hupanda kwa ngazi, hushuka kwa usingizi, hubadilika kwa habari tu, na namba isiyobadilika ni namba ambayo haikupimwa. Asubuhi ya nne alisimama nyuma ya kiti badala ya pembeni, na kabla baba hajaangusha taulo juu ya kioo cha mashine, akaona mia na tisini na sita kwa mia na kumi na nane, huku masikio yake yakisikia ile namba nyingine ikitangazwa, na benchi likicheka, na mtu wa kwanza akikunja mkono wa shati.

Alimfuata kwenye chumba cha taulo. Baba yake hakumgeukia, aliendelea kukung'uta taulo moja, akamuuliza, "Ulikuwa unatafuta nini pale nyuma, kitinda mimba?" akajibiwa, "Namba, Baba," akalikung'uta taulo mpaka likakosa maji ya kukung'utwa. Kisha akasema kwamba imekuwa hivyo tangu 2019, kwamba siku ya kwanza ilipopanda benchi lilikuwa limejaa makuli wapya ambao hawajawahi kupimwa, ulimi ukajiendea wenyewe kwenye namba ya zamani, na kesho yake haikuwezekana tena kurudi nyuma, "maana niambie, mama, nani atakubali kunyolewa na kinyozi mwenye mapunye?" Binti akamwambia, "Baba, mapunye hayaui," na baba akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akajishika kichwa kwa viganja viwili, kama alivyokuwa akivishika vichwa vya watu.

Binti hakungoja kesho, alikwenda zahanati mchana huo huo, na muuguzi akaja jioni kama mtu anayepita njia, akampima nyuma ya pazia, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, wewe unatutia aibu au unatutisha?" akamwandikia dawa, naye akaahidi kumeza kwa sharti kwamba wateja wasijue, na vidonge vikawekwa kwenye rafu, nyuma ya kopo la poda. Mkewe aliambiwa usiku huo, akalia kidogo, akauliza vinamezwa kabla ya chai au baada. Binti alirudi chuoni na hofu yake, akawa anapiga simu kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, "Umemeza?" na baba anajibu, "Nimemeza, mama," na siku ambazo simu iliita mara nyingi bila kupokelewa alikuwa amesimama koridoni, mgongo ukutani, akimwona baba yake sakafuni, mpaka sauti iingie na kumwambia kwamba alikuwa na povu mikononi.

Jumatano ya tarehe 8 Februari 2023, kwa mara ya kwanza, baba ndiye aliyepiga. Alikuwa anacheka, na ndani ya kicheko kulikuwa na machozi, akamwambia kwamba asubuhi hiyo mashine ilisoma mia na ishirini na mbili kwa sabini na nane, yenyewe, bila kuongezewa wala kupunguziwa, na kwamba ametangaza namba na hakusema uongo. Binti alifurahi pamoja naye. Ambacho hakuna aliyekijua, si mkewe, si muuguzi, ni kwamba fundi aliiona namba ile kama amerudishiwa kitu chake kilichopotea, akajihesabu amepona, na kuanzia siku iliyofuata akaviacha vidonge, yeye aliyewaonya watu wengine kuhusu nguzo na paa kwa miaka minane, na kila asubuhi alipoulizwa alijibu, "Nimemeza, mama." Aliendelea kujifunga mkanda mbele ya benchi, lakini sasa aliangusha taulo kabla hata yeye mwenyewe hajatazama, kwa sababu alikuwa ameipata namba yake na aliogopa kuikuta haipo.

Alhamisi tarehe 18 Mei 2023, saa tano asubuhi, wembe ulimtoka mkono wa kulia, akainama kuuokota, asiweze. Winchi alikuwa benchini akingoja zamu, akambeba kama mtoto, akamlaza kwenye mkokoteni juu ya magunia matupu na kumkimbiza zahanati, na kutoka huko gari la wagonjwa likampeleka hospitali kuu, ambako madaktari walithibitisha kiharusi. Jioni ile bado alikuwa na maneno, mazito, ya upande mmoja, akayatumia kumweleza mkewe habari ya Februari yote, na akasema, mkewe akamtaka arudie mara mbili ili awe na hakika, "Waambieni niliacha." Ijumaa maneno yalikuwa yamekwisha. Jumapili tarehe 21 Mei, saa tisa alasiri, mpendwa wetu aliaga dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mkewe akiwa amemshika mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado unashika.

Jioni hiyo familia ilikaa kupanga mazishi na historia hii, na baba mkubwa, kaka yake marehemu, alitaka iandikwe kwamba aliugua kwa muda mfupi, basi, kama inavyoandikwa kwa watu wote, akasema, "Mwacheni ndugu yangu aende na heshima yake, mnataka watu wakitoka hapa waseme kinyozi hajinyoi?" Hakusema kwa ubaya, alikuwa akimlinda mdogo wake, kama alivyomlinda walipokuwa watoto, na wengi waliitikia kwa vichwa. Lakini mtoto wa pili, fundi umeme, alikuwa ametoka sokoni, akaeleza yanayosemwa huko, kwamba kama mwenye mashine amekufa kwa presha, basi mashine ni bure na vidonge ni bure, na kwamba Winchi, tangu alipomwona rafiki yake amelala kwenye mkokoteni, hajameza chochote, na wenzake kadhaa wamefuata. Kitinda mimba aliyasikia hayo, akawahesabu kichwani wale anaowajua, na namba zao alikuwa nazo kwa sababu alizituma mwenyewe, akaona kwamba kila siku inayopita kabla ya kusema kweli ni siku ambayo mmoja wao anaweza kuinama asiinuke. Baba mkubwa alisema hayo yatazungumzwa kesho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, waliofanya lililowezekana kwa siku tatu na hawakutudanganya hata saa moja, inamshukuru muuguzi wa zahanati yetu, ambaye amejilaumu bure na tunamwomba aache, majirani waliotupikia na kutuwekea maturubai, vinyozi na wasusi wenzake waliofunga maduka yao leo, na makuli wa soko walioibeba maiti na kukataa kupokezana na mtu mwingine. Inamshukuru kwa namna ya pekee baba mkubwa, ambaye hakupenda haya yaandikwe na hata sasa hayapendi, na ambaye alipoombwa amteue msomaji alisema kama lazima yasomwe basi yatasomwa na mtu aliyemjua tangu anazaliwa, yaani yeye mwenyewe, na ndiye aliyesimama mbele yenu.

Limebaki la asubuhi ya Jumatatu. Binti aliamka kabla ya wenzake, akachukua mashine ya baba yake kwenye begi, akaenda langoni mwa soko wakati malori yanashusha vitunguu, mahali ambapo tangu utoto alipita kwa haraka, kichwa chini, kwa sababu ya sauti za wanaume wale na matani yao, na siku hiyo hawakumtania, walisimamisha kazi wakavua kofia. Alimwendea Winchi akamwambia kwamba dawa haikumuua baba yake, baba yake aliacha dawa tangu Februari. Winchi akauliza, "Nani kasema?" akajibiwa, "Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa Mama, Alhamisi jioni." Akasema, "Lakini kila asubuhi alikuwa anapima mbele yetu, binti yangu, tunamwona," naye akamwambia, "Alikuwa anaogopa." "Taratibu aogope? Yeye ndiye aliyetutoa hofu sisi." "Aliogopa kuliko ninyi nyote."

Winchi alikaa juu ya gunia, akakunja mkono wa shati, akaegemea magunia mengine, na binti akamfunga mkanda, akaufungua, akaufunga upya, na kwa dakika tano hapakuongea mtu langoni mwa soko. Mashine iliposimama alimgeuzia kioo aisome mwenyewe, na Winchi akaisoma, mia mbili na nne kwa mia moja na kumi na sita, akainuka polepole, akamwachia mwenzake ndoana ya magunia, akaenda na binti mpaka zahanati akiwa nyuma yake hatua moja, kama mtu anayeogopa kupotea njia. Ameanza tena dawa, na yuko hapa, amekaa karibu na lango. Wenzake watano bado hawajarudia, wanajijua, nao pia wako hapa, na mashine iko mezani pale, kando ya kitabu cha rambirambi, pamoja na muuguzi.

Pumzika sasa, fundi, taratibu, na hofu yako tuachie sisi, tutaitunza.